Mashine ya kubonyeza biskuti: namna ya kupata biskuti zinazolingana, hata kama huna oveni

Je, unaoka biskuti nyumbani kwa ajili ya familia, sikukuu au biashara ndogo? Basi huenda unalijua tatizo hili: biskuti zilizoviringishwa kwa mkono au kukatwa kwa kisu hazilingani. Nyembamba zinaungua kabla nene hazijaiva. Ukizipeleka sokoni, wateja wa kwanza wanachagua kubwa na kukuachia ndogo.

Mashine ya kubonyeza biskuti inaondoa tatizo hilo, kwa sababu kila mbonyezo unatoa kiasi kilekile cha donge. Lakini donge lazima liwe laini kwa kiwango kinachofaa, na trei lazima iwe kavu na baridi. Mambo hayo mawili yakikosewa, hata mashine ya bei ghali haitakusaidia.

Mashine hii ni nini?

Ni bomba la chuma au plastiki ambalo unaweza kulishika kwa mkono mmoja. Juu lina mpini wa kubonyeza au kuzungusha, ambao unasukuma donge kuelekea chini. Chini kunafungwa kisahani chenye matundu ya umbo la ua, nyota au moyo. Donge likipita kwenye matundu, linatua juu ya trei likiwa na umbo hilo. Haihitaji umeme.

Biskuti za aina hii zinajulikana sana Ujerumani na katika nchi za Skandinavia, ambako huokwa hasa wakati wa Krismasi. Kwetu zinafaa pia kwa Idi, arusi na chai ya jioni.

Kama huna mashine hii, uliza majirani kama kuna mwenye mashine ya tambi. Nyingi huja na kisahani chenye tundu la nyota. Bonyeza donge litoke kama kamba ndefu, kisha likate kwa urefu unaolingana, kwa mfano sentimita 5. Utapata biskuti zenye mistari mizuri na ukubwa mmoja.

Vitu unavyohitaji

Kwa biskuti ndogo karibu 60:

- Siagi au majarini ngumu ya kuokea, gramu 250
- Sukari, gramu 150 (robo tatu ya kikombe)
- Yai 1
- Unga wa ngano, gramu 320 (vikombe 2 na nusu)
- Vanila kijiko 1 cha chai, au iliki iliyosagwa laini kabisa
- Chumvi kidogo, ikiwa siagi yako haina chumvi

Kikombe tunachozungumzia hapa ni cha mililita 250. Kama huna mizani, tumia kikombe kilekile kwa vipimo vyote, kila unapooka.

Usitie hamira wala baking powder. Hizo hufanya donge liumuke, na maua uliyobonyeza yatapoteza umbo ndani ya jiko. Mafuta ya maji ya kupikia, yakiwemo yanayotolewa kwenye mgao, hayafai kwa biskuti hizi, kwani donge lake halishiki umbo. Usitie karanga zilizopondwapondwa wala nazi iliyokunwa, maana huziba matundu.

Hatua kwa hatua

1. Nawa mikono kwa sabuni na safisha vyombo kwa maji safi. Hakikisha mashine imekauka.

2. Acha siagi nje hadi kidole kiweze kuingia kwa urahisi, lakini isiyeyuke. Mahali penye joto kali kama Kakuma, fanya kazi hii asubuhi na mapema, au weka bakuli ndani ya beseni la maji baridi.

3. Piga siagi na sukari kwa mwiko hadi mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi. Ongeza yai na vanila, kisha piga tena.

4. Chekecha unga, kisha utie kidogo kidogo. Acha kukanda mara unga unapopotea ndani ya donge. Ukikanda sana kama chapati, biskuti zitakuwa ngumu.

5. Jaza mashine, ukishindilia donge kwa kijiko ili hewa isibaki ndani. Hewa ikibaki, utapata biskuti nusu.

6. Simamisha mashine wima, mdomo wake ukigusa trei. Bonyeza mara moja, subiri kidogo, kisha inua moja kwa moja kwenda juu. Ya kwanza au ya pili mara nyingi huharibika. Usiitupe, rudisha donge lake ndani ya bakuli.

7. Usipake trei mafuta na usitandike karatasi. Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa sababu keki tumezoea kuipakia mafuta. Donge linahitaji kushika trei ili liachane na mashine. Siagi iliyo ndani ya donge inatosha kufanya biskuti zilizoiva zitoke bila shida.

Kuoka bila oveni

Chukua sufuria kubwa nzito yenye mfuniko wa chuma. Tandika mchanga mkavu chini, au weka mawe matatu madogo yaliyo sawa. Iweke juu ya jiko la mkaa na uiache ipate moto kwa dakika 15. Kisha weka trei ndogo au sahani ya bati juu ya mchanga au mawe, funika, na uweke makaa machache juu ya mfuniko. Moto wa juu ndio unaokausha uso wa biskuti.

Oka kwanza biskuti moja au mbili za majaribio. Katika oveni yenye nyuzi joto 190 biskuti hizi huiva kwa dakika 8 hadi 10. Katika sufuria huenda zikachukua muda zaidi, kwa hiyo anza kuchungulia baada ya dakika 8. Zikipata rangi ya dhahabu pembeni, zitoe. Zitakuwa laini kidogo, lakini zikipoa zitakaza.

Tahadhari: usiwashe jiko la mkaa ndani ya hema au nyumba iliyofungwa. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Okea nje au mahali penye upepo wa kutosha, mbali na kuta za turubai na nyasi. Watoto wakae mbali, na usiwape donge bichi kwa sababu lina yai bichi.

Mambo yakienda kombo

Donge halitoki, au linatoka likiwa limevunjika: ni kavu au baridi mno. Lilainishe kwa kijiko kimoja cha chai cha maziwa au maji.

Donge linang'ang'ania mashine badala ya trei: trei ina mafuta au bado ina moto. Ifute na uiache ipoe kabisa kabla ya kubonyeza awamu ya pili. Ukiwa na trei mbili, kazi inaenda haraka.

Biskuti zinatanuka na kupoteza umbo: siagi iliyeyuka, au moto ni mdogo. Poza donge kidogo, ongeza kijiko kimoja cha unga, au ongeza makaa.

Je, kuna faida ukiziuza?

Biskuti zinazolingana ni rahisi kupangia bei. Mwenye duka anaweza kuagiza kwa idadi, na mzazi mwenye watoto watatu hatasuluhisha ugomvi wa nani kapata kubwa.

Huu ni mfano wa hesabu tu. Weka bei za soko lako. Tuseme vitu vyote, pamoja na mkaa, vimegharimu shilingi za Uganda 7,200, na umepata biskuti 60. Kila moja imekugharimu 120. Pakiti ya biskuti tano ni 600, na karatasi ya kufungia ni 50, jumla 650. Ukiuza pakiti kwa 1,000, unabaki na 350. Pakiti 12 zitakupa 4,200. Biskuti tano zikiungua, pakiti moja imepotea na mapato yanapungua kwa 1,000. Muda wako pia una thamani, kwa hiyo uhesabu.

Katika hesabu hiyo bado hatujaweka bei ya mashine. Gawanya bei yake kwa faida ya awamu moja ili ujue utaoka mara ngapi kabla ya kuirudisha. Kama jibu linakutisha, nunueni pamoja katika kikundi chenu cha akiba. Mashine haitumiki kila saa. Kubalianeni mapema nani anaitunza, nani anaosha, na visahani ni vingapi, kwa kuwa ni vidogo na hupotea haraka.

Nchini Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Katika nchi nyingine masharti ni tofauti, kwa hiyo uliza ofisi ya kambi au kiongozi wako kabla ya kuuza hadharani. Kumbuka pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Mteja mpe mfuko wa karatasi.

Hifadhi biskuti kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na zikiwa zimepoa kabisa. Zikifungwa zingali na moto hutoa jasho na kulainika.

Na kabla ya kutoa pesa, azima mashine ya jirani kwa siku moja. Oka kipimo kimoja, hesabu biskuti zilizotoka vizuri, kisha amua.