Tambi za Kithai: Loweka, Usichemshe

Wiki hii naingia jikoni. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tambi za mchele za Kithai, ambazo wenyewe huziita pad thai, zikipikwa nyumbani hugeuka bonge. Jibu langu ni fupi: zimechemshwa kama tambi za ngano.

Mchele hauna ule mnato unaoshikilia tambi za ngano zisipondeke. Ziloweke nusu saa hivi katika maji ya vuguvugu, zilegee lakini zibaki na ugumu kidogo ndani. Zitamalizia kuiva kwenye karai.

Changanya mapema ukwaju, sukari ya mnazi au sukari guru, na maji ya samaki waliovundikwa kwa chumvi. Karai likishika moto sana, kaanga kitunguu saumu na kamba, tia tambi na mchanganyiko wako, zisukume pembeni, vunja yai. Malizia na choroko zilizoota, karanga zilizotwangwa na ndimu. Pika sahani moja au mbili kwa mkupuo. Ukilijaza karai moto hupoa, na tambi huchemka badala ya kukaangika.

Wapo wanaosema chakula cha watu hakijifunzwi. Si kweli. Ufundi wa kukaanga tambi ulitoka kwa Wachina, na ni serikali ya Plaek Phibunsongkhram, iliyobadili jina la Siam kuwa Thailand mwaka 1939, iliyowahimiza wananchi wake kula tambi. Wathai wenyewe walifundishwa. Kwa nini sisi tushindwe?