Kwa nini mechi moja ya Agosti inaweza kuamua msimu mzima

Tuanze na stori ya kweli. Tarehe 31 Agosti 2025, Miami iliifunga Notre Dame 27–24. Hili si soka letu, ni futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, na hawa ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Baadaye Notre Dame ilishinda mechi zake 10 za mwisho mfululizo. Msimu ulipoisha, kila timu ilikuwa imeshinda 10 na kupoteza 2. Kamati ikaiingiza Miami kwenye mchujo wa ubingwa, Notre Dame ikaachwa nje. Kilichozitenganisha ni ile mechi ya Agosti. Miami ikafika hadi fainali!

Inakuwaje pointi 3 za mwanzo wa msimu ziwe na uzito huo? Jibu liko kwenye hesabu.

Kwenye Ligi Kuu ya England kuna timu 20, na kila moja hukutana na nyingine zote mara mbili. Ukiangalia msimamo, umemaliza. Lakini daraja la juu la futiboli ya vyuo lilikuwa na timu 136 mwaka 2025, na ratiba ya kawaida ni mechi 12 tu kwa timu. Hebu tupige hesabu. Jozi zinazowezekana ni 136 × 135 ÷ 2, yaani 9,180. Mechi za timu hizo zenyewe kwa zenyewe hazifiki 816. Maana yake zaidi ya asilimia 90 ya jozi hazikutani kabisa.

Halafu mechi nyingi huchezwa ndani ya ligi ndogo zinazoitwa konferensi. Chora kila timu kama nukta na kila mechi kama mstari. Utaona vichaka vya nukta vilivyoungana sana ndani, na mistari michache kati ya kichaka na kichaka. Hayo ndiyo madaraja, na mengi hujengwa wiki za mwanzo. Bila hayo, utajuaje kama timu ya pili huku inaizidi ya nne kule?

Na kamati lazima ijue. Mchujo una nafasi 12: mabingwa 5 wa konferensi, na timu 7 za kuchagua. Ugomvi wote uko kwenye hizo 7.

Ila daraja lina gharama. Texas ilifungua msimu wa 2025 ugenini kwa Ohio State, ikafungwa 14–7. Ikamaliza na ushindi 9, vipigo 3, na mchujo ikausikia redioni. Ukiwa kocha, si utatafuta mpinzani mwepesi? Wote wakifanya hivyo, kamati inabaki gizani.

Tahadhari moja: mechi moja ni sampuli ndogo mno. Septemba 2024 Notre Dame ilifungwa nyumbani 16–14 na Northern Illinois, timu ambayo wengi hawakuipa nafasi. Msimu huohuo ikacheza fainali.

Septemba 2026 kuna madaraja mawili ya kutazama: Clemson ugenini kwa LSU, na tarehe 12, Ohio State ugenini kwa Texas. Andika matokeo mahali. Desemba, kamati ikikaa, yatoe uone yamebeba uzito gani.