Je, Wajua? Sungura asiye na meno ya mbele anaweza kuishi vizuri

Sungura mzima ana meno 28, na yote huendelea kukua maisha yake yote. Meno ya mbele yasipokutana sawasawa, hayasagani. Hurefuka hadi kuchoma midomo na ufizi. Ndiyo maana daktari wa mifugo wakati mwingine huyang'oa yote sita. Likitoka moja tu, lililo mkabala nalo hurefuka na lazima lipunguzwe na daktari.

Atakulaje? Meno ya mbele hukata tu. Kutafuna ni kazi ya magego. Basi mkatie majani na karoti kidogo vipande vyembamba, atavichukua kwa midomo. Nyasi kavu zisikose kamwe: ndizo zinazosugua magego yasirefuke na kuliendesha tumbo. Nyasi ndefu zikimshinda, zikate fupi.

Mchane manyoya mara kwa mara, kwani alijisafisha kwa meno ya mbele. Mpime uzito kila wiki. Akikaa saa 12 bila kula, mwahishe kwa daktari siku hiyohiyo. Tumbo la sungura likisimama, huweza kumuua.