Vipepeo wa Kilifi: Jinsi ya Kuwapiga Picha kwa Karibu Bila Kuwadhuru

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420, una zaidi ya aina 250 za vipepeo. Wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi hupita kandokando yake kwa matatu katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi, lakini ni wachache waliowahi kumtazama kipepeo kwa karibu hadi wakaona macho yake na ulimi wake unaojikunja kama kamba. Siku hizi simu ya rununu ya kawaida inatosha kwa kazi hiyo. Kinachohitajika zaidi ni kuzijua tabia za mdudu mwenyewe.

Kwa nini picha ya karibu ina maana?

Kwa muda mrefu, aliyetaka kumtambua kipepeo alilazimika kumkamata kwa wavu, kumuua na kumbandika kwa pini. Picha iliyo wazi inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo huku kipepeo akiendelea na maisha yake.

Mfano mzuri ni kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, anayeonekana sana mashambani na kando ya barabara. Kwa Kilatini anaitwa Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya mimea hiyo humfanya awe mchungu, hivyo ndege humwepuka. Jike wa aina nyingine, Hypolimnas misippus, hana sumu hiyo lakini amevaa rangi zilezile, na ndege humwepuka pia kwa kudhani ni yule mwenzake. Kwa mbali ni vigumu kuwatofautisha. Kwenye picha ya karibu, tofauti iko katika bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne, ilhali Hypolimnas ana doa moja tu karibu na ukingo wa mbele wa bawa hilo.

Wakati unaofaa

Kipepeo hutegemea jua ili mwili wake upate joto la kutosha kuruka. Ndiyo maana asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, humpata ametulia juu ya jani, mabawa yakiwa wazi, akiota jua. Huo ndio wakati bora wa kupiga picha, kwa kuwa mwanga wenyewe ni laini na upepo wa bahari bado haujashika kasi. Kufikia adhuhuri atakuwa mwepesi kiasi kwamba kumfukuza ni kujichosha bure. Kwa upande wa misimu, vipepeo huwa wengi zaidi baada ya mvua, majani mapya yanapochipua.

Mahali pa kumngojea

Kungoja kunafaa kuliko kufuata. Kuna sehemu tatu ambapo vipepeo hurudi mara kwa mara. Ya kwanza ni penye maua. Ya pili ni kwenye tope au mchanga wenye unyevu, ambapo hasa madume hukusanyika kufyonza chumvi. Ya tatu ni chini ya miti ya matunda. Vipepeo wakubwa wa jamii ya Charaxes hupenda matunda yaliyoanza kuchacha kuliko maua, na embe lililoanguka na kupasuka linaweza kuwashughulisha kwa muda mrefu hata mtu akiwa karibu.

Namna ya kumkaribia

Macho ya kipepeo ni hodari kutambua kitu kinachosogea. Mpiga picha anapaswa kusonga polepole, akiwa ameinama, na kusimama kila baada ya hatua chache. Kivuli chake kisimwangukie mdudu, kwani giza la ghafla humfanya aruke. Ni vyema kupiga picha ya kwanza kwa mbali, kisha kuendelea kusogea huku ukipiga nyingine. Kipepeo akiondoka, mpiga picha abaki palepale kwa dakika chache, kwa sababu mara nyingi hurudi kwenye ua au jani lilelile.

Kuiandaa simu au kamera

Kwa umbali mdogo, sehemu inayoonekana wazi kwenye picha huwa nyembamba sana, pengine milimita chache tu. Kwa hiyo kamera ishikwe sambamba na mabawa. Yakiwa yamefungwa, mpiga picha akae ubavuni. Yakiwa wazi, apige kutoka juu. Lengo liwekwe kwenye jicho, kwani picha ambayo jicho lina ukungu huonekana mbovu hata mabawa yakiwa mazuri.

Mwenye simu aguse skrini mahali palipo na jicho, azime flashi na apige picha kadhaa mfululizo. Simu ikishindwa kuona vizuri kwa karibu, arudi nyuma kidogo na kuvuta picha mara mbili. Mwenye kamera anaweza kuanza na tundu la lenzi la f/8 na kasi ya sehemu 1 kwa 500 ya sekunde. Pande zote mbili za mabawa zipigwe inapowezekana, maana alama za kutambulisha aina fulani ziko upande wa chini pekee.

Mambo ya kuepuka

Kipepeo asishikwe. Unga unaobaki kwenye vidole ni magamba madogo yanayofunika mabawa yake, na yakitoka hayaoti tena. Matawi yasivunjwe ili kupata nafasi, kwani huenda yana mayai au viwavi. Kukamata vipepeo msituni bila kibali hakuruhusiwi. Ndani ya Arabuko-Sokoke kuna ndovu, hivyo wageni wanashauriwa kutembea na waongozaji wa msitu wanaopatikana Gede na kufuata njia zilizotengwa.

Vipepeo na riziki ya majirani wa msitu

Mradi wa Kipepeo ulianzishwa Gede mwaka 1993, wakati ambapo wakazi wengi waliopakana na msitu walitaka ufyekwe ili wapate mashamba. Kupitia mradi huo, wakulima hufuga viwavi na kuwauza wakiwa katika hatua ya pupa, yaani kiwavi akiwa amejifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo. Pupa hao husafirishwa hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Biashara hiyo inategemea msitu, kwa sababu mbegu ya ufugaji na mimea ya chakula cha viwavi asili yake ni humo. Msitu ukifyekwa, mfugaji naye hukosa kazi.

Kuanza nyumbani

Si lazima mkazi asafiri hadi Gede ili aanze. Kwenye mndimu au mchungwa wa nyumbani mara nyingi kuna viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege wakiwa wachanga, kisha hugeuka kijani wanapokua. Hao ni watoto wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Miche michanga inaweza kuumia na kuhitaji kulindwa, lakini mti mkubwa kwa kawaida hustahimili. Mkazi anayewaacha viwavi wachache kwenye mti kama huo anaweza kupiga picha za hatua zote, kuanzia yai hadi kipepeo.

Kila picha iandikwe tarehe na mahali ilipopigwa. Inaweza pia kuwekwa bila malipo kwenye jukwaa la iNaturalist, ambapo wajuzi husaidia kuitambua aina hiyo, na hivyo picha ya mkazi wa kawaida hugeuka kuwa kumbukumbu ya viumbe walioko Kilifi.