Akiba ya maarifa hutufaa mtandao ukikatika

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Mkulima wa Runyenjes au wa Tigania hahitaji kufafanuliwa methali hii, kwani kila avunapo mahindi na maharagwe huyatia ghalani akijua fika kwamba kiangazi hakina hodi. Ajabu ni kwamba sisi walimu na wanafunzi, ambao kazi yetu ni kuvuna maarifa, tumejizoeza kula papo kwa papo. Tunafungua ukurasa wa intaneti, tunausoma upesi upesi kabla bando halijaisha, kisha tunaufunga tukitumaini kuukuta palepale kesho.

Matumaini hayo hayana msingi. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo katika intaneti mwaka 2013 hazikuweza kupatikana tena miaka 10 baadaye. Kurasa hufutwa, wenye tovuti huacha kulipia, na kampuni hufunga milango. Mwezi wa Julai mwaka 2025 huduma ya Pocket, ambayo kwa miaka mingi watu waliitumia kujiwekea makala za kusoma baadaye, ilifungwa. Hata kurasa zilizo hai hazifikiki kila siku. Tarehe 12 Mei mwaka 2024 nyaya za mawasiliano zilizotandazwa chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota kote Afrika Mashariki. Mwalimu aliyekuwa ameandaa somo lake kwa kutegemea mtandao siku hiyo aliingia darasani mikono mitupu.

Je, hapana dawa? Ipo, tena si ghali. Ukurasa wa intaneti waweza kuhifadhiwa kama kitabu cha kielektroniki na kusomwa bila mtandao. Njia ya kwanza ni ile ya PDF. Katika simu nyingi, mtu akiwa amefungua ukurasa huchagua kuuchapisha, kisha badala ya kuutuma kwa mashine ya kuchapia, huuhifadhi kama faili. Njia ya pili ni EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki uliokubaliwa rasmi mwaka 2007. Faili ya EPUB kwa hakika ni kifurushi kilichofungasha kurasa za aina ileile ya intaneti pamoja na orodha ya yaliyomo. Tofauti ni kwamba PDF hushikilia umbo la karatasi, ikamlazimu mwenye simu ndogo kusukuma maandishi huku na huko, ilhali EPUB hujipanga upya kulingana na upana wa kioo. Programu ya Calibre, ambayo hutolewa bila malipo, huweza kuugeuza ukurasa uliohifadhiwa katika kompyuta kuwa kitabu cha namna hiyo. Aidha, ipo programu ya Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo humwezesha mtu kubeba kamusi elezo ya Wikipedia na kuisoma mahali pasipo mtandao kabisa.

Tutoe mfano wa karibu. Mwaka 1993 chuo kikuu cha California kilichapisha kitabu cha Jeffrey Fadiman kiitwacho When We Began, There Were Witchmen, kinachosimulia historia ya Wameru kutokana na masimulizi ya wazee wao wenyewe. Kitabu hicho kimewekwa katika intaneti, sura baada ya sura, na husomwa bure. Mwanafunzi wa historia pale Nchiru, makao ya baraza la Njuri Ncheke na ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, anaweza kukisoma leo. Lakini akikisoma kwa kuunguza bando kila jioni, atakilipia mara nyingi kuliko bei yake. Akikihifadhi mara moja, ni chake cha kusomea hata garini akielekea nyumbani.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kule kuandika pambizoni. Msomaji wa kweli hasomi kwa macho pekee. Hupiga mstari, huuliza, hupinga, hulinganisha. Ukurasa unaopita mbele ya macho haumpi nafasi hiyo. Kitabu kilichohifadhiwa humpa. Mwanafunzi wa Meru anayesoma yale Fadiman aliyoandika anaweza kutia alama jina la ukoo wake na kunakili kando yake jinsi babu yake anavyolisimulia jambo lilo hilo. Hapo anakoma kuwa mpokeaji na kuanza kuwa mtafiti. Tusisahau kwamba historia ya Embu ilinusurika kwa njia hiyohiyo ya kuandika. Masimulizi ya wazee aliyoyakusanya mwanahistoria H.S.K. Mwaniki yalichapishwa mwaka 1974 katika Embu Historical Texts. Maneno ambayo yangezikwa na wenyewe yakapata maisha marefu.

Hata hivyo, tahadhari zahitajika. Kwanza, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila faili iandikwe jina la mwandishi, anwani ya tovuti na tarehe ya kuhifadhiwa, kwa sababu ukurasa kuhusu mtaala au kanuni za mitihani unaweza kubadilishwa, na aliyehifadhi nakala ya zamani akaipotosha darasa zima. Pili, programu nyingine huyaweka maandishi ya pambizoni ndani yake zenyewe, si ndani ya faili. Simu ikiibwa, jasho la muhula mzima hupotea. Basi nakala ya maandishi hayo iwekwe pia mahali pengine. Tatu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti na usomaji wa mtu binafsi, lakini haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuuza jasho la mwenzake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye simu za bei, na kwamba mwanafunzi wa shule ya bweni haruhusiwi hata kuigusa simu. Hoja hiyo ina uzito, lakini ndiyo inayonisukuma kuandika. Mwanafunzi huyo hana mtandao mfukoni, na mwenzake wa kutwa anapopewa kazi ya utafiti, mzazi ndiye hulazimika kutafuta saiba na kulipa. Mwalimu mmoja akihifadhi kurasa 20 zilizochujwa vyema, zikatiwa katika kompyuta za shule au zikachapishwa na kuwekwa maktabani, wanafunzi wote watasoma kwa gharama ya bando moja. Maandishi matupu hayana uzito. Kitabu kizima kisicho na picha mara nyingi hakizidi megabaiti moja. Kifaa kidogo cha kuhifadhia faili chaweza kubeba maktaba ambayo jengo la shule haliwezi.

Kwa hiyo, ni ombi langu kwamba vyuo vya ualimu vya Kigari na Meru vimfunze kila mwalimu mtarajiwa ufundi huu kabla hajapewa darasa. Wakuu wa idara nao wakubaliane nani ahifadhi nini, ili walimu watano wasilipie ukurasa mmoja mara tano. Na wewe mwanafunzi, usijivunie wingi wa faili. Ghala lililojaa nafaka isiyopikwa halimshibishi mtu. Hifadhi kidogo, soma chote, na uache pambizoni alama ya fikira zako.