Jiko Likifuka Moshi: Sababu Zake na Dawa Zake

Jiko likifuka moshi, na maji yasichemke hata kuni zikamalizika, mara nyingi watu humlaumu mpishi. Walakini kila kosa la jiko lina sababu yake, nayo yaweza kujulikana. Moto wataka vitu vitatu: kuni kavu, hewa ya kutosha, na njia ya moshi kutokea. Kikikosekana kimoja, kazi yote huharibika.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka 5. Tena watu wa Kasulo waijua thamani ya kuni. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi yao ikawa Benaco. Kila jamaa ilitaka moto wa kupikia. Miti ya pande zote ikakatwa, na wenye kutafuta kuni wakaenda mbali zaidi siku kwa siku. Wengi walirudi kwao Desemba 1996, lakini mti hauoti upesi kama ukatwavyo. Basi tuyaangalie makosa ya jiko moja moja.

La kwanza ni moshi mwingi. Tazama kuni kwanza. Katika mti mbichi, karibu nusu ya uzito yaweza kuwa maji, na moto hauna budi kuyakausha hayo kabla ya kukipasha chungu. Zipasue kuni ziwe nyembamba, uzianike juani, kisha uziweke juu ya kichanja mvua isipofika. Kama kuni ni kavu na moshi ungalipo, tazama mlango wa jiko: pengine umeshindiliwa kuni, au majivu yameuziba. Zoa majivu kila asubuhi, utie kuni chache, ukizisukuma ndani kwa kadiri ziunguavyo. Kama jiko lina dohani, ikung'utwe masizi mara kwa mara.

La pili ni chungu kuchelewa kuchemka. Nafasi kati ya chungu na ukuta wa jiko ikiwa pana, joto hupita likaenda bure. Isipokuwapo kabisa, moto hukosa pumzi. Sentimeta 1 hivi yatosha. Chungu kifunikwe, na maharage yalowekwe usiku kucha, maana yaliyolowekwa huiva upesi na kuni hupungua.

La tatu ni nyufa katika jiko la udongo. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa hushikamana vizuri. Jiko jipya likaushwe kivulini majuma mawili au matatu. Likiwashwa mapema hupasuka. Ufa ukitokea, uchokore kwa kisu, uuloweshe maji, kisha uuzibe kwa udongo ule ule.

La nne halionekani kwa macho, nalo ndilo la hatari kuliko yote. Makaa yawakayo hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Usiku wa baridi wako watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, wasiamke tena. Jiko la makaa lisilale ndani kamwe. Mtu akiona kichwa kinamwuma, au akipata kizunguzungu karibu na jiko, atolewe nje upesi na kupelekwa kwa mganga wa hospitali.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye upishi wa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hiyo ni habari njema. Lakini nyumba ambayo gesi haijafika itapika kwa kuni leo jioni. Basi, enyi akina baba, msimwachie mama peke yake kazi hii. Kupasua kuni, kujenga kichanja, kutoboa dirisha la jikoni na kuziba ufa ni kazi za nusu siku, na faida yake itaonekana katika kifua cha mtoto anayelala bila kukohoa.