Ukosefu wa Hedhi katika Ayurveda na Tiba ya Kisasa

Ukosefu wa hedhi ni dalili inayopaswa kutafutiwa chanzo. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya Uhindi, hali hii huitwa nashtartava, yaani hedhi iliyopotea. Sushruta Samhita, andiko la kale la Kisanskriti, linaeleza kuwa dosha zikiziba njia ya hedhi, damu haionekani. Hivyo mwanamke hushauriwa kula samaki, ufuta na vyakula vichachu ili njia ifunguke.

Tiba ya kisasa hubainisha aina mbili: ya awali, ambapo msichana hufikisha miaka 15 bila kuvunja ungo, na ya baadaye, ambapo hedhi iliyokuwa ya kawaida hukatika kwa miezi 3 au zaidi. Chanzo huweza kuwa ujauzito, kunyonyesha, msongo wa mawazo, kukonda kupita kiasi, au hitilafu ya ovari, tezi ya pituitari au mji wa mimba. Kuziba kwa njia, kwa hiyo, ni sababu moja tu miongoni mwa nyingi.

Tofauti hii ina uzito. Baadhi ya dawa za kufungua hedhi, zikitangulia kipimo cha mimba, huweza kudhuru ujauzito. Na upungufu wa estrojeni usipotambuliwa mapema, mifupa hudhoofika. Uchunguzi, basi, hutangulia tiba.